Mabega ya Kina Scahill

Nimefua mashuka ya Bwana Loftus Hartrick miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo asinieleze mtu habari zake. Alikuwa mbunge wetu huko London. Mwaka aliposhinda mara ya kwanza, wapangaji wa mashamba yake walifungua farasi wakalivuta gari lake kwa mikono yao, maili nne, kaka yangu Malachi Scahill akiwa mbele. Nadhani hilo ndilo lililomharibu. Alidhani watu wakikuvuta mara moja ni wako milele.

Viazi vikaoza miaka miwili mfululizo, kodi ikakosekana. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alituambia, tena kwa barua. Ndugu zangu wanne walitolewa Februari, nyumba ikabomolewa watoto wao wakitazama. Tangu hapo hakuna mtu katika jimbo letu zima la Mayo aliyemuuzia mkate wala kumsalimia. Mimi nilibaki kufua, nikaitwa kibaraka. Nilikuwa na mama wa kulisha.

Binti wa pekee wa Bwana, Henrietta, alikuwa akitokea mlango wa jikoni na sufuria ya mchuzi, akiwapelekea waliofukuzwa kwenye vibanda vyao kando ya barabara. Homa ya huko ikamlaza, siku ya tisa akafa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilimwosha mwenyewe.

Kwetu jeneza hubebwa begani, na wa kwanza kulibeba ni wanaume wanne wa jina moja la ukoo. Kina Hartrick alibaki Bwana tu. Akanifuata chumba cha kufulia, ambako hakuwahi kutia mguu.

"Delia, ndugu zako watambeba?"

"Sijui, Bwana."

"Waambie nitawarudishia nyumba."

"Nyumba ipi, Bwana? Yamebaki mawe."

Nikaenda kibandani kwao. Malachi alinisikiliza akichokoa moto.

"Leo mfuaji wa mabwana katukumbuka," akasema. "Sufuria ya yule binti ilifika hapa kila siku. Tutakuja kwa ajili yake. Hiyo nyumba, baba yake akalale nayo."

Walikuja, kofia mkononi, wakambeba maili mbili taratibu, kijiji kizima nyuma yao. Nilimwona Bwana akiinua kichwa, akidhani wamemrudia. Kwenye geti la kanisa lao la Kiprotestanti wakashusha jeneza chini. Sisi Wakatoliki tumekatazwa kuingia humo kwa ibada. Kila mtoto alilijua hilo, ila yeye aliyetusemea bungeni miaka ishirini.

"Malachi, kaburi ni pale tu," akasema. "Hatua arobaini."

"Sisi mwisho wetu getini, Bwana. Umetufundisha mwenyewe ulipotutoa."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa ikililowesha jeneza. Bwana akainama akashika pembe moja, mchungaji ya pili, mtunza farasi, Mprotestanti mwenzao, ya tatu. Ya nne ikabaki chini. Jeneza likaegama, nikasikia mwili wa yule mtoto ukiteleza ndani. Moyo wangu ukakataa. Nikapita mbele ya ndugu zangu nikaishika.

"Delia," Malachi akasema, sauti ya chini, "ukivuka hapo, usije kwangu tena."

Nilivuka. Jumapili padri wetu akanitaja jina altareni kuwa nimeasi.

Mama alipofariki, ndugu zangu wanne walimbeba begani. Nilitembea nyuma ya watu wote, na kaburini hakuna aliyenipa mkono wa pole.