Rangi ya Bluu Kwenye Mdomo wa Kopo

Zamani redio ikikoroma ilipelekwa kwa fundi. Haikutupwa jalalani kama watu wanavyofanya siku hizi bila hata kuona haya. Fundi waliyemwita Bwana Makopo alikuwa na dawa moja aliyoiamini kuliko zote. Sehemu nyeti ya redio aliifunika kwa kopo la maziwa ya unga, chuma chembamba kilichopakwa bati, kisha akaliunganisha na waya wa ardhi. Mawimbi ya fujo kutoka mashine ya kulehemu ya jirani yakigonga kopo, mengine yalirudi yalikotoka, mengine yakatambaa juu ya ngozi ya chuma na kuishia ardhini.

"Chuma kwa chuma!" aliwafokea mafundi wenzake. "Ukiacha mwanya, umeacha mlango."

Mkewe alipoanza kuwa mzito wa kusikia, Bwana Makopo alijifungia siku tisa akamtengenezea kikuza sauti cha kuvaa shingoni. Maikrofoni, betri na nyaya alivitia ndani ya kopo dogo lenye kifuniko cha kubana. Ndani aliongeza kipande cha aloi ya nikeli na chuma alichokitoa kwenye kinasa sauti kibovu, maana aloi ile huzuia usumaku unaolishinda bati. Akakijaribu. Hakuna mvumo hata kidogo. Basi, ili kipendeze, akalipaka kopo na kifuniko chake rangi ya bluu, bluu ya gauni ambalo mkewe alilipenda, ndipo akamkabidhi.

"Kinavuma, baba watoto," mkewe alisema siku hiyohiyo. "Kama kuna nyuki humu."

"Nyuki wapi? Nimekijaribu mwenyewe!"

"Basi wewe wanakuogopa."

Binti yao aliangua kicheko. Bwana Makopo hakucheka. "Kifaa ni kizima," alisema. "Kibovu ni hayo masikio yako."

Mkewe hakubishana. Alikivua, akakiweka kabatini chini ya mashuka. Tangu hapo mezani alicheka baada ya wengine kucheka, na binti akazoea kumgusa bega kabla ya kusema naye. Mara nyingine alimtazama mumewe mdomoni, asome maneno. Mume akajificha nyuma ya gazeti. Miaka sita alinuna, asibandue kifuniko kimoja.

Mkewe alipofariki, binti alikikuta kifaa akipanga nguo. "Baba, nikitupe hiki?"

Bwana Makopo alikinyakua. Akagusisha ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye waya uliounganishwa na kopo, nyingine kwenye chuma alichokikwaruza juu ya kifuniko. Sindano haikutikisika; umeme haukupita. Akakibandua kifuniko, akaona: alikuwa amepaka rangi hadi kwenye mdomo wa kopo. Miaka yote hiyo kifuniko kilikaa juu ya rangi, si juu ya chuma. Mlango aliuacha yeye, kwa mkono wake, kwa ajili ya urembo.

Akasugua kwa msasa. Dakika tano tu. Akatia betri mpya, akavaa. Jirani alikuwa akilehemu, cheche zikiruka hadi barabarani, lakini hapakuwa na nyuki hata mmoja.

"Kimepona, baba?" binti aliuliza kutoka chumbani.

"Mama yako aliniambia siku ya kwanza," alijibu.

Binti alirudi kwenye nguo. Lakini kifaa kilikuwa safi mno sasa. Bwana Makopo alisikia gauni likikunjwa, kisha, nyuma ya ukuta, kilio ambacho binti yake alikuwa akijitahidi baba asikisikie.