Mwendesha Kreni Aliyekisubirisha Kisu

Asubuhi, chuma kikiwa bado baridi, mwanamke wa makamo anapanda ngazi ya kreni bila haraka. Juu kabisa anajifungia ndani ya kibanda cha vioo, anawasha mtambo na kushika redio.

"Shangazi, umefika mbinguni?" anauliza mfunga mizigo aliye chini.

"Nimefika. Malaika wanauliza hilo tumbo lako lina miezi mingapi."

Kicheko kinakwaruza redioni. Kisha mzigo wa nondo unaachana na ardhi, taratibu, kama hauna uzito.

Wote hapa wanamwita Shangazi. Mwaka juzi aliambiwa ana saratani mwishoni mwa utumbo mpana, karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kuondoa sehemu yote hiyo, na choo kipitie tundu la tumboni kuingia kwenye mfuko, maisha yake yote.

"Wengi wana mfuko na wanachapa kazi," anasema. "Lakini mkanda wangu wa usalama unabana hapa hapa." Anaweka kiganja tumboni. "Niliona kile kibanda nimekiaga."

Alichelewa kwenda hospitali kwa kosa la watu wa kazi yake. Waendesha kreni hawapendi kushuka katikati ya zamu. Ngazi ni ndefu, na chini zege linasubiri. Hunywa maji kidogo, hubana haja. Alipoona damu, akajipa jibu mwenyewe: ni bawasiri, ni kukaa sana. Akabadilisha mto wa kiti.

Daktari wa upasuaji alimweleza njia nyingine. Ataanza na mionzi pamoja na vidonge, zifuate dawa za saratani za kudungwa mshipani kwa miezi kadhaa, ndipo waangalie. Uvimbe ukibaki, watakata. Ukitoweka kabisa, kisu kitasubiri, naye atachunguzwa mara kwa mara kwa kidole, kamera na picha za MRI.

"Nikamuuliza, dokta, saratani nayo inaangaliwa tu, kama maziwa jikoni? Akasema, 'Ndiyo, mama. Na kama maziwa, hatubandui macho.'"

Mionzi ilimchoma, akawa anakalia upande mmoja. Dawa zilimtia ganzi vidoleni, hata vifungo vya blauzi akafungwa na mumewe, fundi viatu. "Alikuwa ananikaza kama buti," anasema.

Siku ya kuangalia, daktari aliingiza kamera. Akairudisha nyuma, akaipeleka tena. Kisha akamgeuzia skrini.

Pale palipokuwa na uvimbe palikuwa na kovu jeupe, laini, dogo kuliko ukucha. Basi. Muuguzi aliacha alichokuwa akifanya, akasogea kutazama.

"Mimi nimezoea kuuona mwisho wa ugonjwa huu kwenye sinia ya upasuaji," daktari alisema. "Huu nauona ndani ya mgonjwa mwenyewe, hajakatwa popote."

Shangazi aliinua kichwa kuitazama skrini. "Kila siku nautazama mji mzima kutoka juu," anasema sasa. "Sijawahi kuona kitu kama kile. Na kilikuwa ndani yangu!"

Daktari hakumwambia amepona. Kwa watu walioitikia tiba kama yeye, uvimbe hurudi kwa mmoja kati ya wanne hivi, mara nyingi katika miaka miwili ya mwanzo. Ukiwahiwa, kwa kawaida upasuaji bado unawezekana.

Wiki iliyopita alichunguzwa tena. Mumewe alimngoja mlangoni pa chumba cha uchunguzi.

"Wamesema umepona?"

"Wamesema nirudi baada ya miezi mitatu."

"Sasa hiyo ndiyo habari gani, mama watoto?"

"Nzuri. Kovu liko peke yake."

Mzee wa watu akakaa chini, palepale kwenye korido.

Ng'ambo ya barabara jengo jipya linaanza, refu kuliko hili, na Shangazi ameomba kuendesha kreni ya hapo. Msimamizi alitaka kujua kama atalimaliza.

"Nimemwambia aniandike," anasema akivaa glavu. "Siku za hospitali asinitafute. Wakiona kitu, watakata, na mkanda tutatafuta pa kuufunga. Wasipoona, atanikuta juu."