Mababu na Wajukuu katika Programu ya Lamjed

Lamjed Fendri na mimi tunagawana chumba kimoja ghorofani, hapa Sfax, Tunisia. Mimi nafanya hesabu za wenye vinu vya mafuta ya zeituni. Yeye ana programu yake ya kompyuta, Khazna. Msomi huingiza humo vitabu na makala anayoyasoma, na akiandika tasnifu, Khazna humpangia marejeo. Mtu anaweza kuula ujana wake wote kwa kazi kama hiyo, na Lamjed ameula.

Kila Alhamisi huwaandikia watumiaji habari za programu: kilichoongezwa, kilichorekebishwa, kilichoharibika na nani alikiharibu. Aliyeharibu ni yeye siku zote, maana hana mfanyakazi. Dada yake Sonda, anayemtafutia wateja, huzisoma habari hizo huku amekunja uso.

Msimu huu wa kuchuma zeituni, chuo kikuu kimoja kilikuwa kikichagua programu ya kuwapa wanafunzi wake wote. Zilibaki mbili, Khazna na nyingine ya ng'ambo. Lamjed akikipata chuo hicho, angeendelea na kazi yake. Akikikosa, angerudi kufundisha hesabu sekondari, kazi aliyoikimbia.

Wiki hiyohiyo akatoa toleo jipya. Watumiaji walikuwa wamemlilia muda mrefu kwamba mwandishi yuleyule anajitokeza mara mbili tatu katika orodha. Basi akaifanya programu iwaunganishe yenyewe wote wenye jina moja na ukoo mmoja. Akaijaribu, ikaenda vizuri, akanywa chai yake.

Kesho yake asubuhi Wissal, binti anayeandika tasnifu juu ya kilimo cha zeituni, akampigia simu. Sauti ilinifikia mezani kwangu.

"Kaka Lamjed, umeniua! Taoufik Chaabouni wangu wawili umewafanya mmoja!"

"Wawili gani?"

"Babu na mjukuu! Babu kafa enzi za Wafaransa, leo msimamizi wangu ananiuliza imekuwaje marehemu anaandika juu ya pampu za umeme!"

Lamjed akashika kichwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Ukiita jina barabarani, aliye hai anaitika kwa niaba ya aliyekufa. Yeye mwenyewe ni Lamjed mwana wa Slim mwana wa Lamjed. Nilishindwa kujizuia, nikacheka.

"Bwana wee, umejizika kaburi moja na babu yako."

"Nyamaza, fanya hesabu zako."

Kabla ya adhuhuri alikuwa amewatenganisha wote, na Wissal akachapisha upya. Wengi walioguswa na kosa hilo hawakuwa wamelitambua. Sonda akaja na mkate na sahani ya pweza, akakuta kaka yake ameshaandika habari za wiki: programu iliwaunganisha mababu na wajukuu, kosa ni langu, kila aliyehifadhi kazi yake jana aikague.

"Futa," Sonda akasema. "Andika 'maboresho madogo', kama wenzako. Kamati ya chuo inasoma, Lamjed!"

"Na ambaye hajatambua?"

"Atatambua."

"Akishasimama mbele ya watahini? Mficha uchi hazai, dada yangu."

"Wewe uliyeacha wazi kila kitu, umezaa wangapi?"

Lamjed hana mke wala mtoto. Akabonyeza, habari zikaenda. Niliona amejipalia makaa, na nilimpenda kwa ujinga ule.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kamati akapiga simu. Ni profesa wa historia, mtu mpole. Lamjed akafungua spika ya simu ili mimi na Sonda tusikie.

"Bwana Fendri, tumezisoma habari zako zote tangu mwanzo. Makosa ni mengi mno. Katika habari za wale wa ng'ambo hatukuona kosa hata moja lililoandikwa."

"Lililoandikwa," Lamjed akarudia.

"Naam. Tumechagua yao." Akakohoa. "Sasa hili ni langu binafsi. Kitabu changu chote kimo ndani ya Khazna. Nakuomba usiiache. Ile ya kwao ikiniharibia, nani ataniambia?"

Sonda akageukia dirishani, akajifuta macho.

"Januari naanza kufundisha sekondari, profesa," Lamjed akasema. "Tafuta mtu akusaidie kukihamisha kabla ya hapo."