Tundu la Msumari kwenye Mkanda wa Van

Hapa mjini Gyumri, Haykanush akikwambia mkanda wako wa fedha umetoka wapi, maneno yamekwisha. Alifundishwa na baba yake, sonara, na ni mara moja tu nimemsikia akifuta kauli yake. Kiburi anacho tele, ila ni kiburi cha mtu anayejua. Kwanza huugeuza mkanda, maana mbele kila fundi hujipamba.

Mwaka jana jirani yetu Aghavni alimletea mkanda wa marehemu mama yake. Jumapili mjukuu wa Aghavni, bibi harusi, angefungwa huo kwenye harusi, na shangazi wa bwana harusi alishatangaza mtaa mzima kwamba ni wa kununua sokoni, kwamba hadithi ya mama huyo kuuleta akiwa mtoto mkimbizi kutoka mji wa Van, ng'ambo ya mpaka, ni porojo. Nilikuwepo, nachemsha kahawa.

Haykanush akaugeuza. "Msuko huu na nakshi nyeusi hii ni kazi ya Van kweli. Lakini tundu hili ni la msumari. Wachuuzi ndio hutoboa hivi, wautundike kibandani. Umepita sokoni huu, shoga."

"Kwa hiyo mama yangu mwongo?"

"Mimi nasema ya mkanda. Ya mama yako siyajui."

Aghavni aliinamisha kichwa. Nilimwonea uchungu mpaka kahawa ikafurika.

"We Haykanush, huna moyo? Hebu utazame tena!"

"Angalia kahawa yako, wewe!"

Hata hivyo akauchukua. Akapapasa tundu kwa kidole. Kingo zake zilikuwa laini kabisa. Mkanda uliotundikwa tu haulainiki hivyo. Kuna kitu kilisugua pale siku nyingi. Akaichukua kulabu ya bizimu, akaitia tunduni. Ikaingia sawasawa. Likabaki duara dogo, ncha ya mkanda ikining'inia.

"Mama yako alitoka Van ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Hiki ni kiuno cha mtoto wa miaka saba." "Wazazi wake walimfunga huu chini ya nguo, akatembea nao mpaka huku. Nimekosea, Aghavni. Nimekosea vibaya."

Aghavni akaingiza mikono yote miwili ndani ya lile duara, akalia kwa sauti.

Jumapili, shangazi alipofungua tu mdomo, Haykanush alimshika mkono. "Njoo, mama. Tia kidole hapa, ndipo kulabu ilipokaa kiunoni mwa mtoto wa miaka saba."

Akatia. Kisha akaenda mwenyewe kumweka bibi harusi mkanda vizuri kiunoni.