Maksi Arobaini za Usafi

Filimbi ya mwisho ilipolia, wazazi kando ya uwanja walirukaruka na kukumbatiana, na baba mmoja akamwaga chai yake kwenye viatu vya mkewe. Mwalimu Sesilia Rwechungura peke yake hakuruka. Alikuwa bado anaandika. Alimalizia mstari, akafunika kalamu, ndipo akapiga makofi mawili ya heshima.

Timu ya chuo cha mwanawe, pale Edmonton, kaskazini mwa London, ilikuwa imeshinda matatu kwa mawili. Ushindi ni ushindi, walisema wengine. Lakini wapinzani walikuwa wa mwisho kwenye ligi, tena walicheza watu kumi mchezo mzima kwa sababu mwenzao alipanda treni ya kuelekea upande mwingine wa jiji. Kuwafunga watu kumi kwa bao la dakika ya themanini na tisa, kwa mtazamo wa Mwalimu, kulikuwa sawa na kupata hamsini na moja katika mtihani wa kujumlisha.

Na hilo bao lenyewe! Mfungaji alikuwa Godson, mwanawe wa pekee na nahodha wa timu. Kona ilipigwa, na Godson, badala ya kuutazama mpira, alikuwa ameupa mgongo, anagombana na refa kuhusu kona iliyotangulia. Mpira ukamgonga kisogoni, ukaingia wavuni. Kijana akageuka kwa hasira kuuliza ni nani aliyempiga, akakuta wenzake wote wanamrukia.

Kabla ya London, Mwalimu Sesilia alifundisha hisabati miaka kumi na tisa katika sekondari ya wasichana kule Bukoba, na wasichana wake bado wanasimama wakimwona, hata wale ambao leo wana madereva. Alikuja huku na mumewe, Telesphor, aliyekuja kusoma shahada ya uzamili, akapata kazi, kisha akafariki Godson akiwa na miaka kumi. Tangu hapo amemlea mtoto peke yake katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyumba mbili zinazofanana nayo. Anafanya kazi kwenye ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, ambako hakuna faili lililowahi kupotea mikononi mwake. Na analilinda jina la Rwechungura kana kwamba Telesphor alimwachia kwa maandishi.

Jina hilo lina historia. Tangu babu yake Telesphor alipokaa kwenye dawati la misheni, hakuna Rwechungura aliyewahi kushika mkia darasani. Wa pili walikuwapo. Wa tatu alikuwapo mmoja, aliyefanya mtihani akiwa na malaria, na bado anasemwa. Mwalimu Sesilia aliolewa katika historia hiyo akaipenda kuliko waliozaliwa nayo, na Watanzania wenzake wa parokia wameisikia wote, wengine mara tatu.

Basi siku ile ya ushindi, kocha alimfuata pale pale alipokaa. Kocha huyo, Sandeep, ni kijana wa Kenton ambaye baba yake alizaliwa Mwanza na kumrithisha maneno mawili tu ya Kiswahili.

"Shikamoo, Mama," alisema, na hapo akawa amebakiwa na neno moja, kwa hiyo akaendelea kwa Kiingereza. "Unaandika nini muda wote huo?"

"Marahaba. Naandika ninachokiona."

Sandeep alichungulia daftari. Mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, na kweli ilikuwa imepigwa rula. Mwanafunzi aliyezoea kumwandikia kocha takwimu za mechi alikuwa mgonjwa wiki hiyo.

"Mama, unaweza kunitolea tathmini? Mchezaji mmoja mmoja. Jumanne nataka niwakalishe chini. Sikiliza wanavyoimba, utadhani wamebeba kombe."

Mwalimu Sesilia hakuwa ameombwa kusahihisha chochote kwa miaka mingi. Alijibu kwamba atajitahidi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuanza.

Jumapili, baada ya misa, aliketi kwenye meza ya chakula na kuchora jedwali. Wachezaji kumi na mmoja, safu tano: pasi, kukaba, mbio, nidhamu, akili ya mchezo. Kila safu maksi ishirini, jumla mia. Alisahihisha bila huruma wala upendeleo. Golikipa Ghislain, kijana wa Kikongo, aliokoa penalti na kujitupa mara kumi na moja kwenye tope; akapata themanini na nne, wa kwanza. Tushar, beki wa kushoto, ambaye mpira ukimjia husogea pembeni kama anayempisha mgeni, akapata thelathini na tatu.

Godson alipata thelathini na moja.

Mwalimu alijumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama alivyowafundisha wasichana wake. Thelathini na moja. Pasi kumi na nne alizipeleka kwa maadui. Nidhamu, baada ya yale ya refa, mbili. Hata bao la kisogo, chini ya akili ya mchezo, halikuwa na mahali pa kukaa.

Simu ikalia. Ilikuwa Bukoba, wifi yake Paskazia, dada yake Telesphor.

"Wifi! Tumesikia Godson kafunga bao la ushindi! Nimeshawaambia watu wote hapa, mpaka fundi wa bomba."

"Amefunga, wifi."

"Na tumesikia wewe ndiye unasahihisha. Haya, mtoto wetu kawa wa ngapi?"

Mwalimu Sesilia alilitazama jedwali. "Bado najumlisha."

"Jumlisha vizuri," alisema Paskazia. "Huyo ni Rwechungura."

Alikata simu. Kisha likamjia wazo, na kwa kuwa lilikuja limevaa sare ya shule, hakulishuku. Ripoti zote alizowahi kuandika katika maisha yake zilikuwa na sehemu ya usafi. Zote! Mwanafunzi hapimwi kwa hesabu tu. Na nani alikuwa msafi uwanjani kama Godson? Jezi aliipiga pasi Mwalimu mwenyewe, hadi soksi, na filimbi ya mwisho ilipolia mikunjo ya kaptula ilikuwa bado imesimama.

Akaongeza safu ya sita, maksi ishirini. Godson akapanda hadi wa tisa. Wa tisa hashiki mkia, lakini anauona ulipo. Akaufanya usafi uwe wa maksi arobaini. Godson akawa wa sita. Jumla kuu sasa ilikuwa mia na arobaini, jambo ambalo angemchapia mwanafunzi yeyote, na alikwepa kuitazama picha ya Telesphor ukutani. Tushar alishuka akawa wa mwisho. Ghislain, ambaye kwenye usafi alipata sifuri ya mviringo kamili, alitoka wa kwanza akawa wa tano.

Vichwa vya safu tano viliandikwa kwa Kiingereza. Cha sita aliandika kwa Kiswahili, na hakujiuliza kwa nini.

Jumanne mchana alifika chuoni kabla ya mazoezi na kubandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, pini nne, kila pembe moja. Vijana wakajaa mlangoni kama nzi. Sandeep alikuja mbio, filimbi ikimdundadunda kifuani.

"Mama! Mama, hapa hatubandiki! Nilitaka unipe mimi. Matokeo ya mtu ni siri yake!"

"Siri ya nini? Mpira si walicheza hadharani?"

Wala vijana hawakuonekana kuumia. Walikuwa wanasukumana, wanatafuta majina yao kwa vidole, wanazomeana. Tushar alijikuta wa kumi na moja, akauliza kwa upole kama kuna rufaa.

Godson alikuja mwisho. Alisoma karatasi kuanzia juu. Alipofika safu ya sita, macho yake yalisimama, kisha yakamtafuta mama yake.

Wengine walikuwa wameiona safu hiyo pia.

"U-sa-fi," alisoma mmoja. "Ndiyo nini?"

"Itakuwa mbinu," alisema mwingine. "Mbona Godson kapata zote arobaini?"

Ghislain alijipenyeza kutoka nyuma. Alizaliwa London, na Kiswahili cha kwao alikijua kiasi cha kuitwa mezani na kufukuzwa kitandani. Alikuja mbele ya Mwalimu Sesilia, mrefu, glavu mkononi, na uso wa mtoto aliyefeli somo asilojua kuwa analisoma.

"Samahani, Auntie. Hii usafi, nimepata sifuri. Naweza kuifanyia mazoezi? Nikibaki baada ya wenzangu, utanionyesha?"

Mwalimu Sesilia, aliyewahi kujibu maswali ya wakaguzi watatu wa wizara kwa pamoja, alifunika kalamu iliyokuwa tayari imefunikwa.

Ikawa bahati mbaya kwamba Philippe, baba yake Ghislain, dereva wa basi, alikuwa ametoka zamu na amekuja kumchukua kijana, akiwa bado amevaa sare.

"Papa," aliita Ghislain, "usafi ni nini?"

Philippe alivaa miwani. Alisoma karatasi polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anakagua tiketi. Kisha akaivua miwani.

"Usafi ni kufua nguo," alimwambia mwanawe. "Wewe hukufua." Akamgeukia Mwalimu kwa adabu kubwa. "Mama, jambo. Miye niko na swali moja tu. Huyu mutoto yangu aliingia mu matope juu ya nini? Alienda kucheza na nguruwe?"

"Hapana, Baba Ghislain."

"Alienda kutafuta mupira. Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja," alisema Mwalimu Sesilia. Hesabu ilikuwa yake, hakuweza kuikana. "Na penalti."

"Kumi na moja na penalti. Na mutoto yako, huyu musafi, yeye aliingia mu matope mara ngapi?"

Vijana wengine, ambao hawakuelewa neno hata moja, walielewa kila kitu. Walimtazama kama darasa linavyomtazama mwalimu aliyekosea ubaoni.

"Mama," alisema Godson. Alisema kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akiwa mgonjwa tu. "Mimi sikuwa msafi. Nilikuwa nimesimama."

Neno hilo lilimwingia Mwalimu. Angesemwa na Philippe, angejibu. Na kocha, angejibu zaidi. Lakini mtoto alikuwa amemaliza hesabu kwa mstari mmoja, bila kukosea, na mwalimu wa hisabati hana cha kubishana na jibu sahihi.

Alichomoa pini nne, akaiweka karatasi kwenye benchi, akatoa kalamu nyekundu. Akapiga mstari safu ya sita kutoka juu hadi chini, kwa rula. Kisha akasimama wima, akasoma matokeo mapya kwa sauti aliyokuwa akiitumia mbele ya wasichana mia nne.

"Wa kwanza, Ghislain, themanini na nne kwa mia."

Philippe alipiga kofi moja, kubwa kama mlango wa basi.

Akashuka jina kwa jina. Hakuruka wala kuharakisha. "Wa kumi, Tushar, thelathini na tatu." Tushar alirukaruka kuliko wazazi wote walivyoruka Jumamosi, akamkumbatia Sandeep, akatangaza kwamba amepanda nafasi moja bila hata kufanya mazoezi.

"Wa kumi na moja," alisoma Mwalimu Sesilia, "Rwechungura, Godson. Thelathini na moja. Ana uwezo. Autazame mpira, aache kumtazama refa."

Godson alikuna kisogo, kile kile kilichofunga. "Kweli tupu," alisema, akaingia ndani kuvaa.

Siku hiyo, wanasema, alijitupa kwenye tope mpaka Sandeep akamwomba apumzike. Mama yake alizifua zile nguo mara mbili, akinung'unika, na hakuipiga pasi hata soksi moja.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Paskazia alipiga tena. Mwalimu alitoka nje ya hospitali kupokea, koti mabegani.

"Haya wifi, umeshajumlisha? Wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na moja, wifi."

Kule Bukoba kulisikika kiti kikisogezwa.

"Sikiliza," Paskazia alinong'ona. "Kaka mkubwa yuko hapa sebuleni, amekuja kwa ajili hiyo hiyo. Naweka spika. Wewe sema wa kumi na moja, halafu nyamaza. Atadhani ni kati ya mia."

Kukasikika mkwaruzo, kisha sauti ya kaka mkubwa wa Telesphor, nzito, ya mtu anayeongea na ng'ambo na anaamini ng'ambo ni mbali.

"Shikamoo, Shemeji," alisema Mwalimu.

"Marahaba, Mwalimu! Kijana kawa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja, Shemeji."

"Safi sana! Kati ya wangapi?"

Paskazia alikohoa. Alikohoa tena, kwa maana zaidi. Mwalimu Sesilia alilifunga koti lake, kishikizo cha juu hadi cha chini.

"Kati ya kumi na mmoja," alisema. "Ila kuna wanne wa akiba waliokaa benchi, Shemeji, na hao sikuwasahihisha."