Anayesukwa Ndiye Anayesoma

Saa tatu asubuhi soko la mtaa wa Jabe limeshachangamka, na Sijaona Massoudi anamkalisha mteja wake wa kwanza kwenye kiti cha mbao mbele ya kioo. Anagawanya nywele kwa mkia wa kitana, anabana upande mmoja, kisha anampa mteja karatasi mbili. Mteja haulizi za nini. Anasafisha koo na kuanza kusoma kwa sauti mashairi mawili yaliyoandikwa humo.

Hiyo ndiyo sheria ya saluni hii. Anayesukwa ndiye anayesoma, maana mikono yake haina kazi na kukimbia hawezi. Wanaosubiri kwenye benchi wanalinganisha: lipi limesema nini, lipi limenyamazia nini. Umbea haujapigwa marufuku, ila unangoja zamu yake.

Leo msusi huyu mwenye umri wa miaka arobaini na sita anachapa kazi, lakini roho yake haijatulia. Mchana atamsuka binti yake Khadidja, anayeolewa Jumamosi. Nyumbani, ndani ya valizi, yaani sanduku la vitu vya bi harusi, iliyoletwa na upande wa bwana harusi, kuna krimu ya kujichubua ngozi. Khadidja hajasema kama ataipaka, na Sijaona anaogopa kuuliza.

Hofu hiyo ina historia. Kwa miaka mingi jina la Sijaona lilikuwa la maharusi. Walikuja kwake wiki kadhaa kabla ya ndoa, akawasuka, akawasugua, akawapaka mchanganyiko aliouchanganya mwenyewe mpaka rangi ikafunguka. Bi harusi wake ulimjua kwa mbali: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi kama vya mtu mwingine. Anasimulia hayo huku akicheka, kisha kicheko kinakatika katikati.

"Mi nilikuwa nachubua watoto ya watu," anasema, "na mama zao wananishukuru."

Aliyemgeuza, bila kukusudia, ni Elvire, mwalimu wa fasihi anayefundisha shule ya mtaa wa Kibenga. Siku moja alikuja kusukwa rasta ndogo ndogo, zile za kutwa nzima, akiwa na mashairi mawili ya kulinganishwa na wanafunzi wake. Usingizi ukaanza kumwibia. Akaomba ruhusa ayasome kwa sauti, akiyageuza kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo.

La kwanza lilitungwa na mama mweusi wa Marekani. Anamfundisha mwanawe namna ya kutoka nyumbani: toa mikono mifukoni, usikimbie, jibu kwa adabu, kwa sababu polisi wataiona ngozi yako kabla ya kukuona wewe. La pili lilitungwa na mwalimu anayefundisha pamoja na Elvire, Mrundi wa hapa hapa, usiku aliojifungua. Anamtazama mtoto wake mweusi, anamnusa kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, basi.

Kwenye benchi alikuwepo Daphrose, muuza mboga wa hapo sokoni. Akauliza yule mtoto wa Marekani amefanya kosa gani. Elvire akajibu kwamba hajafanya kitu, amezaliwa mweusi. Wanawake wakacheka, maana hapo Jabe nani si mweusi? Daphrose hakucheka. Aliuliza tena, taratibu, kwa nini basi hapa kwao bi harusi mweupe ndiye anayepigiwa vigelegele virefu.

Ubishi ukawaka. Elvire alishikilia kwamba shairi la kwanza lina uzito zaidi kwa kuwa linashtaki dhuluma. Sijaona hakukubaliana naye, na mpaka leo hawajakubaliana. Yeye aliona mama wote wawili wana mapenzi sawa, ila wa kwanza anaongea huku macho yake yako mlangoni kwa sababu ya watu wa nje, na wa pili macho yake yako kwa mtoto tu.

"Jioni nikaangalia ile kopo ya krimu ya kuchubua mukononi," anakumbuka. "Nikaona mi ndiye mutu wa nje, ule anayeogopwa."

Aliacha kuchubua wiki hiyo hiyo. Karibu nusu ya maharusi wakahamia saluni nyingine, na mama mmoja alimwambia anajifanya mtakatifu. Hakuna aliyempigia makofi. Ujasiri wa namna hii hauna sherehe, na ndiyo maana unastahili heshima.

Kisha ikaja valizi. Kwa desturi, vitu vya bi harusi hutolewa kimoja kimoja mbele ya wanawake na kupigiwa vigelegele, na kukirudisha kimoja ni kuwatukana waliokileta. Shangazi wa bwana harusi alipoinua krimu, Sijaona alipiga kigelegele pamoja na wengine.

Saa nane mchana Khadidja anaketi kitini. Ana miaka ishirini na mitatu, mweusi kama baba yake, na tangu utotoni amezoea majirani kumpa pole kwa hilo. Mwaka mzima amelikwepa zoezi la mama yake. Leo sheria imemnasa. Anasoma shairi la kwanza, anasoma la pili, bila kuharakisha. Daphrose, aliyepitia hapo baada ya kufunga meza yake, anataka kuanza kulinganisha, lakini Khadidja anamwomba radhi na kutangulia.

"Mama, haya yote mbili, anayeongea ni mama," anasema. "Mutoto hakuna mwenye amemuuliza."

Sijaona anaachia nywele. Anazunguka kiti na kusimama mbele ya binti yake badala ya nyuma yake.

"Basi nakuuliza," anasema. "Ile krimu, unaitaka?"

"Apana," Khadidja anajibu. "Na mashangazi nitawaambia mi mwenyewe, nikifika kwao. We usigombane na mutu kwa ajili yangu."

Sijaona anarudi nyuma ya kiti na kuendelea kusuka. Machozi yanamtoka na hayafuti, mikono ina kazi.

Mipango yake sasa ni midogo, lakini ni yake. Amemwomba Elvire amtafutie shairi ambalo mtoto ndiye anayesema. Pia anataka picha ya kubandika mlangoni: bi harusi mwenye rangi aliyozaliwa nayo, ili wanaopita sokoni wajue hapa wanasukwa maharusi wa namna gani. Picha hiyo itapigwa Jumamosi, na itakuwa ya Khadidja.

"Nimemuuliza kwanza," anasema. "Amekubali."