Viti vya Abner na Goti la Umba

Abner Kalenga alikuwa na viti vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa wetu wa Kamina, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuona makalio ya mtu yakivikalia, ila siku moja tu, na hiyo nitaifikia. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mkewe, Phébé. Watoto wao walikula kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Abner mwenyewe akirudi kazini alikaa juu ya sanduku tupu la sabuni, akavitazama viti vyake kupitia mlangoni, roho ikamtulia.

Watu walimwita Monsieur Abner. Mimi pia nilimwita hivyo, mbele yake.

Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kimethodisti, kwa hiyo Abner alisoma hadi vitabu vikaisha. Alipelekwa Élisabethville kujifunza kazi ambayo wengi wetu hatukujua kwamba ni kazi: kukanda na kukunja viungo vya watu waliovunjika, mpaka virudi kufanya walichoumbiwa. Alirudi akiitwa masseur, na katika dispanseri ya kambi ya reli alikuwa peke yake. Sitaki kumsingizia. Mwanzoni alikuwa na mikono. Alikuwa na benchi moja, maji ya moto na mifuko ya mchanga aliyoishona Phébé, basi. Kwa vitu hivyo tu alilirudisha bega la mwalimu Philémon, ambaye alikuwa hawezi kuandika ubaoni juu ya kichwa chake. Siku hizo Abner alinuka jasho, na alistahili kuitwa Monsieur.

Kilichomharibu ni karte.

Miaka ile ya baada ya vita Wabelgiji walikuwa wakitoa karte, kadi ya ustaarabu, kwa mtu mweusi waliyemwona amestaarabika. Kabla ya kuipata, tume ya wakubwa iliingia nyumbani kwako. Walifunua masufuria, walitazama kama uma zinametameta, walivuta shuka kitandani, wakaenda hata chooni. Wanaume wenye akili zao walisimama mlangoni wakitoka jasho huku mgeni akinusa choo chao. Tume ilipofika kwa Abner mara ya kwanza, ilimkatalia. Hawakumwambia kwa nini. Yeye alijipa jibu: kwenye mkono wa kiti kimoja kulikuwa na alama ya vidole vya mtoto, vidole vyenye mawese. Kuanzia siku hiyo aliamini kwamba mzungu akija kukutazama, anachotafuta ni alama ya kidole. Akawakataza watoto wake hata kuvikaribia viti. Mtu mzima, tena msomi, aliyefundishwa kazi ya kugusa watu, akaanza kuogopa vitu visiguswe.

Haya yangekuwa ya nyumba yake na mkewe, kama masanduku yasingekuja.

Masanduku yalikuja kwa treni kutoka Élisabethville, makubwa, ya mbao nyeupe. Yalikuwa msaada kwa masseurs wa mikoa, ili wasifanye kazi kwa mchanga na benchi tu. Ndani mlikuwa na baiskeli isiyokwenda popote, iliyofungwa chini ili mgonjwa apige pedali akiwa mahali pamoja. Mlikuwa na vyuma viwili vya kushikilia anayejifunza kutembea upya, na kapi na kamba za kuinulia mguu, na kioo kirefu. Mlikuwa pia na kitabu kinene cha picha za mazoezi, kimoja cha vile vitabu vya Kifaransa ambavyo kurasa zake zimeshikana ukingoni na lazima uzikate kwa kisu ndipo usome. Ikaja na habari: Mademoiselle mmoja, msichana wa Kizungu, mwalimu wa kazi hiyo, atazunguka kila mahali palipopelekwa vyombo. Atakaa na masseur, atawaona wagonjwa wake, atamsaidia pale kazi ilipomshinda.

Msaada juu ya msaada. Na Abner akasikia neno moja tu katika yote hayo: visite, yaani wakubwa kuja kutazama.

Alipewa chumba kizuri chenye saruji. Alivipanga vyombo, akavipangusa, akafunga mlango kwa ufunguo. Wagonjwa aliendelea kuwakanda nje, barazani, kwenye benchi lilelile la zamani. Lakini sasa alikanda akiwa na haraka, maana mafuta ya kukandia yalikuwa yanaruka na kuchafua mlango.

Hapo ndipo mume wangu Umba alipoingia mikononi mwake.

Umba alikuwa mfungaji wa mabehewa pale kituoni. Mlango wa behewa la pamba ulikatika ukamwangukia juu ya goti. Daktari, aliyekuwa akipita Kamina kwa treni mara mojamoja, alimfunga plasta. Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba, umenyooka kama mchi, na goti halikukunjika hata kidogo. Daktari alituambia waziwazi. Mfupa umepona. Sasa goti likunjwe kila siku, lipande baiskeli, livutwe kwa kamba. Tukifanya hivyo kabla mvua hazijaisha, Umba atapanda mabehewa tena. Tukichelewa litaganda, na hakuna atakayelifungua. Akamkabidhi kwa Abner, akapanda treni yake.

Kila mtu kambini alijua maana yake. Asiyeweza kupanda behewa hana kazi kituoni, na asiye na kazi hana nyumba kambini. Nyumba yetu ilikuwa na mabati na bomba la maji karibu, na watoto wetu walikuwa shuleni kwa Mapadri. Vyote hivyo vilining'inia kwenye goti moja.

Tulikwenda kila asubuhi. Abner alimkanda Umba barazani, akamwambia apumzike, akatuaga. Nilimwuliza kuhusu baiskeli. Alinijibu kwa upole ule wa watu wa kanisa, upole unaokufanya utamani kumpiga mtu kibao.

"Bile bintu biko bya visite, mama. Mademoiselle akishapita, njo bwana yako ataingia."

Na Mademoiselle atapita lini? Karibu, alisema. Subira huvuta heri. Tukasubiri. Ikaja habari kwamba Mademoiselle yuko Kabongo. Halafu kwamba ameugua malaria. Halafu kwamba amerudi Élisabethville na ataanza safari upya. Kila habari ilipofika, Abner alipangusa kioo tena. Kupitia dirishani niliiona ile baiskeli imesimama, pedali zake zimefungwa bado kwa karatasi ya mafuta ya kiwandani, na mume wangu ameketi nje na mguu wake mbele yake kama ukuni. Nyumbani nilijaribu maji ya moto na mawese, nikamkunja mpaka akalia. Lakini nilikuwa sijui ninachofanya, nikaogopa kumvunja tena. Aliyejua alikuwa anapangusa kioo.

Umba si mtu wa kugombana. Amezaliwa Mulongo, kwa wavuvi wa Lualaba, na watu wa kule huongea taratibu wasifukuze samaki. Siku moja tu alimwambia Abner la moyoni, tena akitabasamu.

"Kwetu banasema, samaki mukunje angali mubichi. Hii goti yangu nayo iko inakauka, Monsieur."

Abner akacheka. Akasema methali ni nzuri. Akaenda kunawa mikono.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua Mademoiselle alipofika kweli. Siku moja kabla, Abner alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wagonjwa wasije kesho. Wote. Mwanamke wa kiuno, mzee wa kiharusi, mtoto wa miguu iliyopooza, na Umba. Alisema watachafua saruji, maana miguu yetu ina udongo mwekundu. Fikiria fundi wa baiskeli anayeficha baiskeli mbovu ili mteja aone jinsi karakana yake ilivyofagiliwa.

Mimi sikutii. Asubuhi nilimwogesha mume wangu, nikamvika shati la Jumapili, tukaenda. Abner alipotuona tunaingia uani uso ulimgeuka, lakini Mademoiselle alikuwa amekwisha kutoka barazani. Alikuwa msichana mrefu, mwenye viatu vya vumbi, mgeni kabisa, hakujua Kiswahili wala Kiluba. Alimwuliza Abner jambo huku akitutazama. Niliona huo ndio mlango wangu, nikasema kabla Abner hajafungua kinywa.

"Goti ya bwana yangu haikunjike, Mademoiselle. Biko bintu mule ndani, anatukataza kubigusa."

Abner akatafsiri. Alisema maneno mengi, kwa Kifaransa laini. Mademoiselle akatabasamu, akatushika mikono, mimi na Umba. Na Umba, maskini, akidhani sasa mlango utafunguliwa, akainamisha kichwa na kusema kwa Kiluba, "Wafwako," yaani asante. Mademoiselle akafurahi zaidi. Kisha wakaingia ndani, wakatuacha barazani.

Yaliyosemwa ndani nilielezwa na Isaïe, muuguzi wa vidonda, ambaye alijua Kifaransa na alisimama palepale bila kufungua kinywa, Mungu amsamehe naye. Mademoiselle alitazama saruji isiyo na alama ya kisigino. Alishika pedali, akakuta karatasi. Alijaribu kufungua kitabu, kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Hakumgombeza. Alimwuliza swali moja, swali lililomleta kutoka mbali kote huko: ni mgonjwa gani aliyekushinda, nikuonyeshe la kufanya?

Abner akajibu kwamba hakuna. Hapa hakuna shida yoyote. Wagonjwa ni wachache, na wote wamepona.

Alidhani anafaulu mtihani. Kichwani mwake tume ilikuwa bado inatazama viti, na mtu akitaja shida amejionyesha mchafu. Alikuwa ameletewa mtu wa kumwambia, "Dada, goti hili limenitia hofu, nifanyeje?" akamwonyesha kioo.

Mademoiselle alimsifu. Alisema hajaona chumba safi namna hii tangu aanze safari. Na kwa kuwa hapa wagonjwa wamekwisha, vyombo vitafaa zaidi kule Base, kambi ya jeshi, ambako askari wanaruka kutoka ndegeni na miavuli na kuvunja miguu kila juma. Lori la kijeshi lilikuja siku chache baadaye. Nilisimama barabarani nikaangalia baiskeli ikipakiwa, pedali zake zikiwa bado na karatasi. Abner aliwasimamia wapakiaji wasiikwaruze.

Nilimfuata. Nilimwuliza alichomwambia yule msichana siku ile barazani. Nilitarajia ataona haya. Hakuona. Alinijibu kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Miye njo nilisema muzuri juu yenu, mama. Nilimuambia: hii bantu balikuja kukushukuru."

Nilitema mate chini. Akaangalia mate, si mimi.

Daktari aliporudi mvua zilikuwa zimekwisha. Alilishika goti la Umba, akalisukuma, akalivuta, akaacha. Hakutukaripia, alidhani tulifanya yote. Mkuu wa kituo alisema maneno mema, kisha akatuambia nyumba ina mtu mwingine anayeingoja. Watoto tuliwatoa shuleni. Safari ikawa ya kurudi Mulongo, kwa mtu ambaye hata mtumbwini hawezi kukaa vizuri, kwa sababu mguu usiokunjika hauna pa kwenda ndani ya mtumbwi.

Majuma hayohayo tume ilipita tena, na Abner Kalenga akapata karte yake. Sifa za chumba kile zilikuwa zimemtangulia. Aliitia katika fremu yenye kioo, akaitundika ukutani juu ya viti.

Ningeondoka bila kumtazama. Umba akakataa. Alisema mtu hahami bila kuaga, na Abner amemkanda, amemtolea jasho. Ndivyo alivyo. Basi jioni ya mwisho tukaenda.

Phébé alitufungulia. Alimwona Umba amesimama na fimbo yake, jasho likimtoka kwa mwendo, na nadhani mwanamke yule naye alikuwa amechoka na mengi. Alivuta kiti kimoja, akaking'oa kitambaa chake cheupe, akamwambia, "Ikala, baba." Abner alisimama ghafla kutoka kwenye sanduku lake, kisha akakaa tena, kwa kuwa huwezi kumwinua mlemavu mbele ya karte ya ustaarabu.

Umba akakaa. Mguu wake ulinyooka mbele mpaka katikati ya chumba, na kisigino kikachora mstari wa udongo mwekundu juu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta. Akaanza maneno ya kuaga, taratibu, kama wanavyosema kwao: amshukuru mwenye nyumba, awataje watoto, aombe njia njema. Abner hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa kwenye ule mstari. Alivumilia mpaka akashindwa, akachukua kitambaa kutoka nyuma ya mlango.

Akapiga magoti. Yote mawili yalikunjika bila sauti, vizuri kabisa, mpaka matako yakagusa visigino. Akafuta mstari, akausogeza mguu wa mume wangu pembeni kwa vidole viwili, akafuta na pale chini yake. Umba aliacha kuaga. Aliyatazama yale magoti mpaka Abner alipomaliza na kuinuka.